Nini Kililizima Albioni la Velji

Benchi letu ni ubao wa nyuma wa lori uliolazwa juu ya rimu mbili, umeegemea ukuta wa yadi ya Velji, mtaa wa nyuma ya soko la Shinyanga. Mgeni hudhani tunakaa pale kwa ajili ya kahawa ya Zipora. Kahawa yenyewe chungu, vikombe vinasuuzwa ndoo moja tangu asubuhi, na kashata zake zinataka meno ambayo wengi wetu hatuna. Tunakaa kwa ajili ya lori. Geti likiwa wazi unaliona limetulia kivulini: Albioni la mwaka hamsini na nane, kijani kile cha zamani, uso bapa, na mbele ya rejeta ile nembo ya jua linalochomoza, tumeisugua kwa ukwaju na majivu mpaka unajiona sura. Miaka mitatu tumelifufua boliti kwa boliti, wazee wanne ambao kila mmoja ana mke nyumbani anayemwuliza faida yake nini. Leo ni Alhamisi, Julai tisini na tano, na Jumamosi litang'olewa injini.

Wanakijiwe ni hawa. Mzee Makoye, dereva wa lori hilo tangu liliposhushwa kwenye behewa likiwa jipya, tunamwita Siagi. Gia za Albioni hazina huruma: unakanyaga klachi mara mbili, unaisikiliza injini kwa nyayo, na ukikosea inakuaibisha mbele za watu. Yeye alikuwa akiziingiza bila hata kikohozi. Herman, karani mstaafu wa stoo ya spea, ni Kitabu, kwa kuwa anacho kitabu cha mafundi cha Albioni, na mchwa wamekula kurasa zote za maana. Marcel ni Duara. Alishuka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, kule Geita miaka sita, akatoka na suruali moja na maneno mengi. Mimi ni Kabari. Nilikuwa utingo wa lori hilohilo, mtu wa kuruka chini na kuweka kabari kwenye tairi, na mjadala wa kijinga siuwezi, ingawa sijawahi kuondoka katikati ya mmoja.

— Shikamooni wazee, akasema Dhaval, akija kutoka dukani. Huyu ni mjukuu wa Velji, kijana wa miaka ishirini na sita. Duka la spea, ambalo limepakana na yadi, analisimamia yeye, lakini mwenye kauli ni mama yake, Lataben.

— Marahaba. Mama kasemaje leo?

— Vilevile.

— Hebu rudia, nikasema. Labda jana tulisikia vibaya.

— Kasema gari lile lilimzimikia baba mkwe wake mtoni, mzee akafa humo ndani. Kasema mkimwonyesha kitu kilichoharibika siku ile, akakishika kwa mkono wake, akajua kimebadilishwa, gari litabaki yadini na Mzee Makoye ataendelea kulitunza. Msipomwonyesha, Jumamosi injini inakwenda Katoro kwenye karasha, na bodi wanachukua watu wa vyuma chakavu.

Karasha, kama hujafika machimboni, ni kinu cha kusagia mawe ya dhahabu. Kuifunga injini ile kwenye karasha ni sawa na kumchukua mwalimu wa kwaya ukampeleka kufukuza ndege shambani. Atapiga kelele, ndiyo, na ndege watakimbia, lakini roho itakuuma.

Makoye alikuwa ameketi mwisho wa benchi, anafuta kifuniko cha tanki la dizeli ambacho kilikuwa kisafi tangu Jumatatu.

Nieleze siku yenyewe, maana hapa kijiweni kila mtu anayo ya kwake. Ilikuwa Aprili sabini na tisa, vita vya Kagera vikiwa ukingoni, dizeli kwa kibali, betri hazionekani hata za kuazima. Mzee Velji alikuwa kwenye duka lake la kijijini, ng'ambo ya Mto Mhumbu, kifua kikambana. Gari jingine halikuwapo. Makoye akampakia kabini, mimi nikapanda nyuma juu ya magunia ya choroko, tukashika njia ya mjini. Mtoni maji yalikuwa yamefika kwenye ekseli. Tukavuka, tukaanza kupanda ukingo wa pili, injini ikazima. Lori lisilo na betri huwashwa kwa kulisukuma kwenye mteremko, na pale tulikuwa tumeelekea juu, matairi ya nyuma yamo majini. Nilikimbia kutafuta watu. Niliporudi nao, jua bado halijatua, Mzee Velji alikuwa ameshafariki. Makoye alisema injini imegoma, na neno hilo ndilo lililofika mjini kabla ya maiti.

Lori likavutwa kwa trekta, likaachwa yadini, likafugwa na kuku. Miaka kumi na tatu baadaye Makoye akaomba ruhusa ya kulifungua. Wakiniuliza mimi niliona nini siku ile, nasema sikuona kitu. Nilikuwa nyuma, na kweli sikuona.

— Hewa, akasema Kitabu, akifungua kitabu chake gotini. Nimesema tangu mwaka juzi. Hewa iliingia kwenye bomba la dizeli kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hewa haina kibaba, Kitabu. Ipo au haipo.

— Ukurasa wa arobaini na saba unaeleza.

— Ukurasa wa arobaini na saba umeliwa na mchwa.

— Umeliwa nusu. Hii nusu nyingine ina picha ya mshale.

— Mshale unaonyesha nini?

Kitabu akakisogeza karibu na macho. — Unaonyesha tundu. Wamekula palepale unapoelekea.

— Maji, akasema Duara. Acheni hewa. Dizeli ya wakati ule ilitiwa maji. Wahenga wamesema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Nani alimsifu mwenye dizeli?

— Nchi nzima, bwana. Wewe ungepata dizeli sabini na tisa, usingemsifu aliyekupa?

— Lakini tanki tulilikuta na dizeli safi, akasema Dhaval. Ya zamani, inanuka, lakini safi. Mlinionyesha wenyewe kwenye chupa.

— Maji yalishakauka.

— Ndani ya tanki lililofungwa?

— Miaka kumi na tatu, kijana. Hata machozi ya mjane hukauka.

Zipora akamimina duru ya pili. Yeye hana upande, anasubiri vikombe tu, ila siku hiyo alimwangalia Makoye mara mbili, na mara ya pili akamwongezea bila kuombwa.

— Tuseme si hewa wala maji, akasema Kitabu. Kuna sumaku. Chini ya ule mto kuna mwamba wa chuma. Lori likipita juu yake limebeba mzigo, ule mwamba unaivuta injini kwa chini, inaelemewa.

— Na malori mengine yaliyopita pale maisha yao yote?

— Hayakuwa Albioni. Albioni ni chuma kitupu. Haya mengine yenu ni mabati.

Hapo hakuna aliyembishia, maana kwa chuma cha Albioni sote ni dini moja. Duara akasogea mbele kwenye benchi.

— Kitabu amekaribia, ila kinachovuta si chuma. Ni dhahabu. Mimi nimeshuka chini futi mia na hamsini, najua ninachosema. Mwamba wenye mali una ubaridi wake. Chuma kikipita juu yake kinalegea.

— Kinalegea vipi?

— Kama mtu aliyepita kwenye harusi ya mchumba wake wa zamani. Miguu inakwenda, lakini haiendi.

— Kwa hiyo kuna dhahabu Mto Mhumbu na wewe uko hapa unakunywa kahawa ya kukopa, nikasema.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, Kabari. Mimi mgongo unaniuma.

Dhaval alicheka, kisha akakata kicheko kama mtu aliyekumbuka yuko msibani. Yeye siku ile ya sabini na tisa alikuwa na miaka kumi, anamsubiri babu yake amletee miwa. Anatupenda, na lori analipenda kuliko anavyomwambia mama yake. Mwaka jana tulipokuwa tunaparura rangi kwa nyembe, ndiye aliyekaa na sisi Jumapili nzima. Tulitoa kijivu, tukakuta nyekundu. Tukatoa nyekundu, tukakuta buluu iliyopakwa na mtu mwenye haraka. Chini kabisa kikatokea kile kijani, na juu ya kijani, kwenye mlango wa abiria, herufi nyeupe zilizoandikwa kwa mkono: VELJI – SHINYANGA. Dhaval aliuweka wembe chini akaziandama herufi kwa kidole, moja moja. Siku hiyo hatukubishana.

Tangu hapo madereva wanakuja kulitazama. Wanatoka Kahama, wanatoka Nzega, wanaegesha Fiati zao na Sikania zao hapa nje, wanaingia yadini wamevua kofia. Wanachungulia chini ya kabini, wanagonga fremu ya mninga tuliyoichonga upya, wanauliza boliti hizi mmezipata wapi. Kuna mmoja, mtu mzima wa Bedford, alipanda akakaa kwenye usukani dakika kumi bila kugusa kitu, akashuka akasema asante, akaondoka. Watu wa aina hiyo ukiwaambia injini inakwenda kusaga mawe, watakuuliza umekosana na nani.

— Mimi nitasema na mtanicheka, akasema Duara, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Gari lilijua.

— Lilijua nini?

— Lilijua mwenyewe anakufa. Baba yangu alipofariki, fahali wake alikataa maji siku mbili. Hakuna aliyemfunga wala kumpiga. Alisimama tu mlangoni mwa zizi.

— Fahali ana moyo, nikasema.

— Na hili miaka ishirini na moja lilimbeba mtu yuleyule, njia ileile. Sijui lina nini. Nasema tu hatujui.

Kusema kweli hiyo nilitaka kuiamini. Sote tuligeuka tukalitazama lile lori kupitia getini, na Makoye akaacha kufuta kifuniko chake.

— Mama hawezi kushika moyo wa gari mkononi, akasema Dhaval polepole. Amesema anataka kitu cha kushika.

— Basi tumpe, akasema Duara. Penye nia pana njia. Kule kwa mafundi wa Ibadakuli kuna pistoni ya Bedford imetoboka kama chujio. Tunaipaka grisi ya zamani, tunasema ndiyo hii.

— Duara.

— Nini? Uongo wa kuokoa si uongo.

— Mama ameuza spea miaka thelathini, akasema Dhaval. Usiku umeme ukikatika anapanga bolibearingi kwa kupapasa. Utamletea pistoni ya Bedford umwambie ya Albioni? Ataishika mara moja tu, atakurudishia, na kuanzia siku hiyo hamtaingia yadini hata kuchota maji.

Ndiyo ilikuwa shida yetu nzima: tungeweza kumdanganya karibu kila mtu Shinyanga kuhusu pistoni, isipokuwa mwanamke aliyetaka kuonyeshwa pistoni.

— Hodi hapa. Shikamooni wazee.

Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, kitenge kizuri, viatu vyenye vumbi la safari, saa kubwa ya kiume mkononi.

— Marahaba. Karibu, ingawa hapa hapana mlango wa kupiga hodi.

— Naitwa Generosa, natoka Katoro. Injini ya Jumamosi ni yangu. Nimeona nije mapema niiangalie, nisiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Nilikuwa nimepanga kumchukia. Nilikuwa nimemtengenezea na sura kabisa, meno ya dhahabu na kucheka kwa nguvu. Badala yake aliingia yadini akalizunguka lori polepole, akainama akapitisha kiganja chini ya injini, akakitazama, akakinusa.

— Hata tone, akasema. Nani kafanya kazi hii?

— Huyu mzee, nikasema, nikamwonyesha Makoye. Sisi tulishika tochi na kubishana.

— Baba yangu alikuwa dereva wa Leyland, wakati wa pamba. Nimelala sana kwenye kabini, kwenye joto la injini. Akagusa ile nembo ya jua kwa ncha ya kidole. — Mmelitendea haki.

— Na bado unataka kuing'oa?

— Nina vijana ishirini wanasubiri mawe yasagwe, mzee wangu. Mawe hayasagwi na kumbukumbu. Liwasheni nisikie.

Makoye akapanda. Betri siku hizi ipo, Dhaval aliitoa dukani. Injini ikakohoa mara moja, ikashika, ikatulia katika ule mlio wake wa chini unaoingia kwenye nyayo kabla ya masikio. Kwa kawaida tukiliwasha, dirisha la duka linalotazama yadini hufungwa. Tangu siku ya kwanza lilipowaka, mwezi wa tano, Lataben hajawahi kuliacha wazi. Leo mnunuzi alikuwapo, kwa hiyo Lataben alisimama palepale dirishani, miwani mikononi, anatazama ukuta.

— Zima, mzee, akasema Generosa. Nimeridhika. Injini nzima kabisa. Nina swali moja tu, maana nimeambiwa iliwahi kumzimikia mtu mtoni, na mimi sitaki inizimikie. Mlipoifungua, mlikuta nini kimeharibika?

— Gasketi zote tumebadilisha, akasema Kitabu haraka.

— Hizo zimeoza kwa kukaa. Nauliza cha siku ile.

— Mabomba ya mpira yalikuwa yametafunwa, akasema Duara.

— Na panya. Siku ile panya hawakuwamo, gari lilikuwa linatembea. Kuna kitu kililizima. Mlikuta nini?

Kitabu akafungua kitabu chake, akakifunga. Duara, ambaye nimemsikia akieleza mwezi ulikotoka, alitazama vidole vyake vya miguu. Mimi nilikuwa na jibu. Nimekuwa nalo miaka kumi na sita. Siku ile juu ya magunia sikuona kitu, lakini nilisikia. Nilisikia gia ikilia. Utingo yeyote anaijua sauti ile, meno yanagongana yanakataana, kisha injini inaelemewa, kisha kimya. Nilinyamaza kwa sababu nilimpenda yule mtu, na jina lake mjini lilikuwa Siagi, na niliona aibu kuwa mimi ndiye wa kumvua.

Makoye akashuka kabini, ngazi kwa ngazi.

— Hakuna, akasema.

— Hakuna nini, mzee?

— Hakikuharibika kitu. Nimelifungua lote, mama. Miaka mitatu natafuta. Nilitaka kukikuta. Hata ufa wa unywele ningeshukuru, ningesema ni hiki, tazameni. Pampu nzima, nozeli nzima, tanki safi. Gari halikugoma. Nilikosa gia.

Alisema hayo akimtazama Generosa, lakini alipomaliza aligeuka dirishani.

— Umesikia, Mama Dhaval.

— Wewe hukosi gia, akasema Lataben. Kila mtu anajua. Mzee alikuwa anawaambia wageni, kaeni na chai mkononi, Makoye anaendesha.

— Siku ile nilikosa. Nilitakiwa kurudi ya kwanza tulipoanza kupanda. Nikachelewa.

— Kwa nini ulichelewa?

Dhaval alikuwa amesimama katikati ya yadi, hajui aende upande wa nani.

— Mzee alikuwa amenishika mkono, akasema Makoye. Huu wa kushoto. Kwenye Albioni injini iko ndani ya kabini, kati ya dereva na abiria, imefunikwa. Alijilaza pale juu kwa sababu ya joto. Tulipoingia majini akaushika mkono wangu, akaubana. Na gia, mama, inaingizwa na mkono huu. Niliisikia injini inaanza kuchoka. Nikasema nimwachie kidogo tu, tufike ukingoni. Nilipouchomoa nilikuwa nimeshachelewa. Nikaingiza kwa pupa, ikalia, injini ikazima.

— Halafu?

— Halafu akautafuta tena. Nikampa.

— Muda gani?

— Mpaka mwisho. Hata alipokwisha sikuutoa. Kabari alitukuta hivyo.

Ni kweli. Niliwakuta hivyo na nikadhani Makoye ndiye aliyemshika mzee. Sikuuliza ni nani aliyeanza.

Lataben alivaa miwani, akaivua tena. Ana sauti ya dukani, ya kuita bei mpaka barabarani, lakini maneno haya aliyasema kwa chini tukalazimika kusogea.

— Niliambiwa dereva alishuka kutafuta watu. Niliambiwa mzee alibaki peke yake kwenye lile chuma mpaka akafa. Miaka kumi na sita.

— Aliyeshuka ni mimi, mama, nikasema. Makoye hakutoka.

— Kwa nini hamkusema?

Ningemwambia nini? Kwamba tulimwacha alichukie gari miaka yote hiyo ili mwanaume mmoja aendelee kuitwa Siagi? Nilijisikia vibaya, na bado najisikia.

— Mimi niseme kabla sijaambiwa, akasema Generosa. Kahama kuna injini ya Leyland naijua. Nitapitia huko.

— Utatusamehe kwa safari, mama, akasema Lataben. Dhaval, mpe mgeni chai kabla hajaondoka. Gari linabaki.

Duara akafungua mdomo ashangilie, nikamkanyaga mguu, kwa sababu Lataben alikuwa hajamaliza.

— Na wewe, Mzee Makoye. Nina hasira na wewe, usidhani sina.

— Unayo haki, mama.

— Ulipaswa kuja kwangu wiki ileile. Ukaja na neno la injini.

— Ndiyo.

— Kesho asubuhi uje dukani. Ukae, unisimulie tangu mlipotoka kijijini. Alikuwa amevaa nini, alisema nini, alikunywa maji au hakunywa. Usiruke kitu.

— Nitakuja.

Dirisha likafungwa. Tukarudi kwenye benchi. Zipora akainamisha birika, yakatoka mashapo matupu, akasema kahawa imekwisha, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika.

— Kwa hiyo haikuwa hewa, akasema Kitabu.

— Haikuwa hewa, Kitabu.

— Wala dhahabu, akasema Duara.

Makoye akakiweka kile kifuniko mfukoni. — Jamani, msiniite tena Siagi.

— Tukuite nani?

— Makoye. Si nilipewa na wazazi wangu?

Ijumaa asubuhi alikuja amevaa koti, joto lote lile, na viatu vya kanisani. Alitupita benchini akatusalimu kama watu wa mtaa mwingine, akaingia dukani. Lataben alikuwa ameweka kiti upande wa ndani wa kaunta, mahali ambapo hukaa ndugu tu. Tuliwaona kupitia mlangoni. Makoye alianza kusimulia, mama anasikiliza kichwa kimeinama, wateja wanakuja Dhaval anawahudumia kwa kunong'ona. Sauti haikutufikia. Kitabu hakutoa nadharia, Duara hakutoa methali.

Zikapita kama dakika ishirini. Kisha tukamwona Makoye anauweka mkono wake wa kushoto juu ya kaunta, kiganja kimetazama juu, kama anamwonyesha jinsi ilivyokuwa. Lataben akautazama kwa muda mrefu, halafu akaweka wake juu yake. Msichana wa nyumbani alipoleta chai, Makoye akainywa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa bado palepale.